Ukingo wa Maji wa San Francisco: Tathmini ya Huduma ya Bandari ya Umma Mbele ya Bahari Inayopanda

Bandari ya San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, haifanani na bandari nyingi ambazo msomaji wa Kiswahili amezizoea. Makontena ya ghuba hiyo hupakuliwa ng'ambo, Oakland, na kazi kubwa iliyobaki upande wa mjini ni kumfikisha mtu kwenye maji na kumwacha hapo kwa muda autakao bila kumdai chochote. Bandari inasimamia kilomita 12 za ukingo wa ghuba, kuanzia magati ya wavuvi upande wa kaskazini hadi vinamasi vya kitongoji cha Bayview upande wa kusini, na tathmini hii inaipima kwa mambo mawili: jinsi inavyomruhusu mwananchi kuyafikia maji leo, na jinsi inavyojiandaa ili ruhusa hiyo isipotee ghuba itakapopanda. Mambo hayo mawili hugombana kuliko yanavyoonekana, kwa sababu njia rahisi kuliko zote ya kuzuia bahari ni kujenga ukuta mrefu, na ukuta mrefu humficha mtu maji yale yale aliyokuja kuyatazama.

Kwanza ni vyema kujua mwenye mali ni nani. Ardhi hii ilikuwa chini ya serikali ya jimbo tangu karne ya 19, ikakabidhiwa kwa jiji mwaka 1969 kufuatia sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, kwa sharti kwamba itunzwe kama amana ya wananchi wote wa California: itumike kwa usafiri wa majini, biashara ya baharini, uvuvi na mapumziko ya umma, wala isiuzwe kama viwanja vya kawaida. Inaongozwa na Tume ya Bandari yenye makamishna watano wanaoteuliwa na meya. Bandari haiendeshwi kwa kodi za jiji, bali hujilipia kwa pango la majengo, maghala na maegesho yake, kwa hiyo mgahawa wa bei kubwa uliopangishwa kwenye gati ndio unaolipia benchi ambalo mtu mwingine anakalia bure mita chache kutoka hapo. Mpango huu una busara yake, lakini pia una udhaifu, kwani wapangaji walipoyumba wakati wa janga la UVIKO-19, mapato ya kutunza magati yaliyumba pamoja nao.

Kitovu cha huduma ni Jengo la Feri, lililofunguliwa mwaka 1898, lenye mnara wa saa wa takriban mita 75. Kabla ya madaraja makubwa ya ghuba kukamilika katika miaka ya 1930, makumi ya maelfu ya watu walipita humo kila siku kupanda vivuko. Baadaye jengo lilipoteza abiria, na mbele yake ikajengwa barabara kuu ya ghorofa mbili iliyoutenga mji na bahari kwa zaidi ya miaka 30. Tetemeko la tarehe 17 Oktoba 1989, lenye ukubwa wa 6.9, liliiharibu barabara hiyo, na badala ya kuikarabati jiji likaibomoa mwaka 1991. Sijui mji mwingine ambao umefaidika kiasi hicho kutokana na hasara ya miundombinu yake. Mahali pa barabara ya juu pana leo mtaa mpana wenye mitende ya mapambo, tramu za zamani na njia ya waendao kwa miguu inayofuata maji kwa kilomita kadhaa, na jengo lenyewe lilifunguliwa upya mwaka 2003 likiwa soko la vyakula, pamoja na gulio la wakulima ambalo siku yake kubwa ni Jumamosi. Bei za ndani ni za juu, na familia ya kipato cha kawaida itafanya vyema kufika na chakula chake, ambacho hakuna mtu atakayeizuia kukila kwenye mabenchi ya nyuma, vivuko vikiingia na kutoka.

Ufikiaji wa maji katika sehemu hii unastahili sifa bila kusita. Gati namba 14, lililofunguliwa mwaka 2006, halina duka wala ghala. Limejengwa ili mtu atembee juu ya ghuba na kurudi. Kwenye gati namba 15, jumba la sayansi la Exploratorium, lililohamia hapo mwaka 2013, hutoza kiingilio kikubwa ndani, lakini ukumbi wa nje unaolizunguka uko wazi kwa kila mtu, pamoja na baadhi ya vifaa vya maonyesho, na jengo hutumia maji ya ghuba kupoza na kupasha joto vyumba vyake. Gati namba 39 pamoja na maduka yake ya zawadi nitalipita haraka: simba-bahari waliojilalia kwenye majukwaa yake tangu mwaka 1990 hivi ndio sababu pekee ya kusimama hapo, nao hawatozi.

Upungufu wa upande huu ni wa kawaida lakini unaudhi. Vyoo vya umma ni vichache kwa njia ndefu kiasi hicho, waendesha baiskeli na pikipiki ndogo za umeme hugombea nafasi na watembeao kwa miguu, na upepo wa alasiri za kiangazi ni mkali mno kwa mgeni anayedhani California yote ni joto.

Tatizo kubwa liko chini ya miguu. Njia hii yote haiko juu ya ufuo wa asili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 hadi miongo ya kwanza ya karne ya 20, wahandisi walichimba handaki ndani ya tope la ghuba, wakalijaza mawe hadi yakawa tuta, kisha wakaweka juu yake ukuta na nguzo na kufukia nyuma yake eneo linalozidi ekari 500, ambalo leo limebeba sehemu ya katikati ya mji. Ukuta huo wa bahari una urefu wa zaidi ya maili tatu, na hata mkazi wa miaka mingi anaweza kukanyaga juu yake kila siku asijue upo. Chini yake pana tope laini, na nyuma yake kifusi kilichorundikwa kabla ya elimu ya matetemeko kukomaa. Ardhi ikitikiswa kwa nguvu, kifusi kilichojaa maji hupoteza mshikamano na kulegea kama uji, na tuta zima laweza kusogea kuelekea ghubani, likiburuta mabomba ya maji safi na maji taka, reli za tramu na misingi ya magati. Reli ya chini ya ghuba inayounganisha San Francisco na Oakland nayo inapita papo hapo, karibu na Jengo la Feri.

Hatari ya pili haihitaji tetemeko. Katika maji ya bamvua ya Desemba na Januari, hasa yakikutana na dhoruba, ghuba hupanda juu ya ukingo karibu na gati namba 14 na kumwagika njiani, na mamlaka hulazimika kufunga sehemu ya njia. Atakayetaka kuelewa mipango yote ninayoieleza hapa aende siku hizo akiwa na viatu vya mpira, kwani saa moja ya kutazama itamfundisha zaidi ya ramani nyingi za wataalamu.

Ninaisifu bandari kwa jinsi ilivyolishughulikia jambo hili hadharani, na sifa hiyo ni kubwa kuliko ninayoipa bustani yoyote. Ilifanya uchunguzi wa ukuta, ikachapisha matokeo yasiyopendeza, ikaenda kwa wapiga kura Novemba 2018 kuomba hatifungani ya dola milioni 425, na zaidi ya asilimia 80 wakakubali, ingawa waliambiwa wazi kwamba fedha hizo ni za kuanzia tu. Januari 2024, Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani pamoja na jiji walitoa rasimu ya mpango wa ukingo wote, wenye gharama inayokadiriwa kufikia dola bilioni 13.5, ambapo serikali ya shirikisho ingeweza kulipa asilimia 65 endapo Bunge la Marekani litaidhinisha. Rasimu inalenga kupanda kwa bahari kwa kati ya nusu mita na zaidi kidogo ya mita moja, ikiacha nafasi ya kuongeza kinga baadaye.

Kinachonivutia katika rasimu hiyo ni jinsi inavyotatua ule mgogoro wa ukuta na maji. Katika sehemu ya katikati ya mji haipendekezi kizuizi kirefu kinachomzidi mtu kimo, bali inapendekeza kuinua ardhi yenyewe: ukingo, njia ya miguu na sehemu ya barabara vipandishwe taratibu, na hata Jengo la Feri linyanyuliwe pamoja na mnara wake. Mtu ataendelea kuyaona maji kwa sababu yeye mwenyewe atakuwa amepandishwa. Kwa mtazamo wa huduma, huu ndio uamuzi sahihi, na ni ghali kwa sababu hiyo hiyo. Lakini haujibu kila kitu. Magati yaliyojengwa juu ya nguzo mbele ya ukuta hayawezi kuinuliwa yote kwa urahisi, na Jengo la Kilimo la mwaka 1915, lililo jirani na Jengo la Feri, liko chini kiasi kwamba ni miongoni mwa yanayotishiwa kwanza. Wapangaji wa magati hayo ndio wanaoilipa bandari, na miaka ya ujenzi mbele ya milango yao itapunguza pango wakati ule ule fedha zinapohitajika zaidi. Mwananchi anayesoma nyaraka za mpango atapata maelezo mazuri kuhusu udongo na mawimbi, lakini atatafuta kwa shida maelezo ya wazi kuhusu nani atahamishwa, kwa muda gani na kwa fidia ipi.

Wapo wanaolalamika kwamba bandari hii hupanga polepole mno. Ni kweli, lakini sehemu kubwa ya upole huo imewekwa na wapiga kura wenyewe. Mwaka 1990 walipiga marufuku hoteli kwenye magati na kuilazimisha bandari kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi, ambao ulipitishwa mwaka 1997 na kufanyiwa marekebisho makubwa yaliyokamilika mwaka 2023. Mwaka 2013 waliukataa mradi wa nyumba za kifahari karibu na Jengo la Feri, na mwaka uliofuata wakaamua kwamba jengo lolote jipya kwenye ardhi ya bandari likizidi kimo kilichowekwa, lazima wao waulizwe kwanza. Kabla ya hayo yote, tangu mwaka 1965, kulikuwa na tume ya ghuba iliyoanzishwa kuzuia ufukiaji wa maji kiholela, nayo humdai mwenye mradi wa ukingoni atoe nafasi ya umma. Taratibu hizi huchosha. Bila hizo, hata hivyo, nina shaka kama lingebaki benchi la kukalia bure.

Upande wa mazingira, bandari imejaribu pia mambo madogo yenye akili. Mwaka 2022 ilianza kufunga kwenye kuta zake vigae vya zege vyenye mikunjo na mashimo, ili watafiti waone kama mwani na chaza wa asili watashika humo vizuri kuliko kwenye ukuta laini. Vigae haviwezi kuzuia tetemeko wala bamvua, lakini ukuta utakaojengwa upya kwa kilomita nyingi utakuwa makazi ya viumbe au utakuwa jangwa, na ni heri kujua mapema.

Kusini mwa uwanja wa besiboli huduma hubadilika. Bustani ya China Basin, iliyofunguliwa mwaka 2024, imekaa juu ya ardhi iliyoinuliwa kabla ya majengo jirani kujengwa, kwa hiyo mgeni anaweza kuona leo jinsi mpango mkubwa utakavyofanana. Mbele zaidi, bustani ya Crane Cove ya mwaka 2020 imehifadhi kreni mbili za karakana ya meli ya karne ya 19 na kuongeza ufuo mdogo wa mchanga. Kwa maoni yangu hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote katika ukingo huu, kwa sababu mtoto anaweza kuingiza miguu majini, jambo ambalo kilomita zote za kaskazini hazimpi.

Baada ya hapo njia hukatika. Bandari bado ina kazi halisi huku, ya mchanga, kokoto na zege, na watembeao hulazimika kufuata barabara za malori hadi Heron's Head, rasi iliyotokana na ardhi iliyofukiwa kwa ajili ya gati ambalo halikukamilika, ikageuzwa bustani ya kinamasi mwaka 1999. Ndege wake ni wengi, na bandari imeimarisha ufuo wake dhidi ya mmomonyoko kwa kutumia vifaa vya asili badala ya ukuta. Lakini wakazi wa Bayview wameishi muda mrefu na viwanda, mtambo wa umeme uliofungwa mwaka 2006 na uchafu wa karakana ya zamani ya jeshi la wanamaji iliyo jirani, na mwaka 2022 jopo la wananchi la uchunguzi wa jiji lilionya kwamba maji ya chini ya ardhi yakipanda pamoja na bahari yanaweza kuibua uchafu uliofukiwa humo. Karakana hiyo si mali ya bandari, ila maji hayafuati mipaka ya hati. Mpango unaoeleza kwa kina jinsi ya kunyanyua mnara wa saa unapaswa kuwaeleza watu hawa kwa kina kile kile kuhusu kilicho chini ya nyumba zao.

Anayekwenda Heron's Head ashuke tramu ya mstari wa T kituo cha Evans, ajiandae kutembea si chini ya robo saa, na abebe maji ya kunywa, kwa kuwa njiani hakuna maduka.