Kiti cha Nyuma cha Ford Maverick: Je, Mtu Mzima Anakaa kwa Raha?

Kwa miaka mingi mimi nimekuwa abiria wa kiti cha nyuma. Tunaposafiri kama familia, kaka yangu ndiye dereva, na kiti kilicho kando yake huachiwa mama kwa heshima ya umri wake. Kwa hiyo nafasi yangu hubaki nyuma, magoti yakiwa yameelekea mgongo wa kiti cha mbele. Katika pikapu za zamani tulizowahi kutumia, nafasi hiyo ilikuwa adhabu. Kiti kilikuwa chembamba, mgongo wake umesimama wima kama ukuta, na kila tulipofika nilishuka nikiwa nimeshika kiuno. Ndiyo maana kaka yangu alipoanza kufikiria kununua Maverick, pikapu ndogo ya Ford, nilimwomba jambo moja tu, kwamba kabla hajaikagua injini na sehemu ya mizigo, aniruhusu kwanza nikae nyuma kwa muda wa kutosha. Tulizijaribu mbili, moja ya petroli yenye injini ya turbo ya lita 2.0 inayoendesha magurudumu yote manne, na nyingine ya haibridi, yaani inayotumia petroli pamoja na mota ya umeme, yenye injini ya lita 2.5 inayoendesha magurudumu ya mbele peke yake.

Maverick iliingia sokoni kama toleo la 2022, nayo huuzwa kwa umbo moja tu la kebini yenye milango minne. Urefu wake wote ni mita 5.07 hivi, na sehemu ya mizigo ina urefu wa takriban mita 1.37. Ni gari dogo likilinganishwa na pikapu nyingi, na mtu angetarajia kwamba udogo huo ungelipiwa na abiria wa nyuma. Vipimo rasmi vinaonyesha kinyume. Nafasi ya miguu ya nyuma ni inchi 36.9, karibu sentimita 94, katika gari la petroli, na inchi 35.9, karibu sentimita 91, katika la haibridi. Hyundai Santa Cruz, mshindani wake wa karibu, ina inchi 36.5. Toyota Tacoma ya 2024 yenye milango minne, ambayo kwa nje ni ndefu kuliko Maverick kwa zaidi ya sentimita 30, ina inchi 33.7 tu.

Hata hivyo, ningemsihi msomaji asinunue gari kwa kuitegemea namba hiyo peke yake, kwa sababu haimaanishi kile ambacho wengi hudhani. Haipimi pengo lililopo kati ya goti na kiti cha mbele. Huanzia kwenye kifundo cha mguu cha kiolezo cha mwili wa binadamu, hupanda hadi kwenye nyonga, kisha huongezewa milimita 254 kwa ajili ya wayo. Haisemi nyonga iko juu kiasi gani kutoka sakafuni, wala mgongo umelala kwa kiasi gani, wala abiria atabaki na nafasi gani pale dereva mrefu atakapokirudisha kiti chake nyuma hadi mwisho. Magari mawili yanaweza kuwa na namba moja, na katika moja mtu akanyoosha miguu huku katika jingine akikaa magoti yakiwa karibu na kidevu.

Kwa hiyo tulipima kwa njia yetu. Kaka yangu ana urefu wa sentimita 184, nami nina 178. Alikiweka kiti cha mbele kama anavyokipenda anapoendesha safari ndefu, bila kunionea huruma, kisha nikaingia nyuma yake. Katika gari la petroli, ngumi yangu ilipita kati ya goti na mgongo wa kiti chake bila kubanwa. Katika la haibridi, ambalo betri yake imewekwa chini ya kiti cha nyuma, palitosha vidole vitatu. Tofauti ya inchi moja huonekana ndogo sana kwenye karatasi, lakini kwa abiria ni tofauti kati ya kuweza kuusogeza mguu na kulazimika kuuacha pale ulipo. Nyayo zangu ziliingia chini ya kiti cha mbele katika magari yote mawili, na hilo lilinisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa mguu ukiweza kusogea mbele hata kidogo tu, goti nalo hushuka na damu hupita vizuri.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kimo cha kiti kutoka sakafuni, na hapa ndipo naona ubora halisi wa gari hili kwa mtu mzima. Anayekaa kwenye kigoda kifupi hupandisha magoti juu ya nyonga, mapaja yanaelea hewani, na uzito wote wa kiwiliwili unabebwa na mifupa miwili ya makalio. Atavumilia robo saa, kisha ataanza kujigeuzageuza. Hivyo ndivyo viti vya nyuma vya pikapu nyingi vilivyo, na sababu yake iko katika muundo wenyewe. Pikapu ya kawaida ina chasisi ya vyuma viwili virefu, na kebini huwekwa juu yake kama sanduku, hivyo sakafu hulazimika kupanda juu ya vyuma hivyo. Fundi wa umbo la gari hawezi kulipandisha paa kila anapotaka, basi hukishusha kiti kukikaribia sakafu ili kichwa kisigonge. Maverick haina chasisi ya aina hiyo. Bodi na chasisi yake ni kitu kimoja, kama gari dogo la abiria, na msingi wake ni ule ule unaobeba Ford Escape na Bronco Sport. Sakafu imekaa chini, kiti kimebaki juu, na mapaja yangu yaliegemea mto kwa karibu urefu wake wote. Kichwa nacho kilibaki na nafasi ya kutosha chini ya paa. Kaka yangu alipokuja kukaa nyuma, alikaa kimya kwa dakika kadhaa, kisha akakiri kwamba yeye mwenyewe angekubali kusafiri pale.

Mgongo wa kiti ndio unaonizuia nisitoe sifa zote. Umesimama kuliko ambavyo ningependa, na hauna kirekebisho cha kuulaza. Sababu inaeleweka: nyuma yake tu kuna ukuta wa kebini na kioo, na baada ya hapo inaanza sehemu ya mizigo. Katika gari la abiria mgongo wa kiti unaweza kulala kuelekea buti, lakini hapa kila sentimita ambayo abiria angelala kuelekea nyuma ingechukuliwa kutoka kwenye mizigo au kutoka kwenye urefu wa gari. Waliolibuni walipaswa kuchagua, nao wamechagua kwa busara, ila matokeo yake ni kwamba sehemu ya chini ya mgongo wa mtu haipati egemeo la kutosha. Niliweka sweta iliyokunjwa nyuma ya kiuno, na hali ikabadilika mara moja. Kwa maoni yangu, hiki ni kiti cha saa mbili kwa mtu mzima mwenye afya, na zaidi ya hapo ni vyema kusimama, kushuka na kutembea kidogo kabla ya kuendelea.

Wengi hupima kiti gari likiwa limesimama, wakasahau kwamba raha ya abiria wa nyuma huamuliwa pia na springi. Pikapu zilizojengwa kwa ajili ya mizigo mizito hutumia springi za mapande nyuma, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na springi hizo huwa ngumu gari likiwa tupu, kwa sababu zimekusudiwa kubeba uzito ambao siku hiyo haupo. Abiria wa nyuma, ambaye yuko karibu na ekseli ya nyuma kuliko dereva, hurushwa katika kila shimo. Maverick ina springi za mviringo nyuma, zilizosokotwa kama koili, lakini si zote zilizofungwa kwa namna moja, na hili ni jambo ambalo mnunuzi anapaswa kuliuliza mapema. Gari linaloendesha magurudumu ya mbele tu lina boriti moja ya chuma inayoyaunganisha magurudumu mawili ya nyuma, hivyo gurudumu moja likiingia shimoni, la pili nalo huhisi. Linaloendesha magurudumu yote manne lina mikono kadhaa ya chuma inayolishikilia kila gurudumu peke yake, na kila upande hufanya kazi yake bila kuutikisa sana upande wa pili.

Tofauti hiyo niliihisi kwenye barabara ya changarawe. Katika gari la petroli mtikisiko ulifika kwenye kiti ukiwa umepungua, na niliweza kusoma ujumbe kwenye simu. Katika la haibridi mwili uliyumba kushoto na kulia mara nyingi zaidi, ingawa hata hapo hali ilikuwa bora kuliko pikapu yoyote yenye springi za mapande niliyowahi kupanda ikiwa tupu. Kwa miaka mitatu ya mwanzo haibridi haikupatikana na mfumo wa magurudumu manne, na mnunuzi aliyetaka kuokoa mafuta alilazimika kuichukua boriti pamoja na ile inchi moja iliyopungua. Kuanzia toleo la 2025 haibridi hupatikana pia ikiwa na magurudumu manne yanayoendeshwa, na mtu anayebeba watu wazima nyuma mara kwa mara ana sababu nzuri ya kuitafuta hiyo.

Kuhusu abiria wa tatu sitasema mengi. Mikanda ipo mitatu, lakini gari lina upana wa mita 1.84 hivi kwa nje bila vioo vya pembeni, na ukiondoa unene wa milango miwili hakibaki kipimo cha mabega matatu ya watu wazima, ambayo kila mtu huhitaji karibu nusu mita. Watu wazima wawili nyuma, ndiyo. Wa tatu awe mtoto, au safari iwe fupi.

Hewa ni suala zito zaidi. Hakuna matundu ya kiyoyozi yanayoelekea nyuma, na abiria hutegemea ubaridi unaopita kati ya viti vya mbele. Jua likiwa kali, walio mbele wanaanza kusikia baridi wakati walio nyuma bado wanapangusa jasho, na dereva asiyewakumbuka hupunguza nguvu ya feni mapema mno. Nisingeliita kosa dogo, kwa sababu gari hili limefanya kazi ngumu ya kumpa mtu mzima nafasi ya kukaa, kisha likamnyima kitu rahisi cha kumpoza. Dawa niliyoiona inafaa ni kuyaelekeza juu matundu mawili ya katikati, kuelekea paa, ili hewa ipite juu ya vichwa vya walio mbele na kushukia nyuma.

Nyuma ya kisanduku kilicho katikati ya viti vya mbele kuna mfereji wa kuchomekea vifaa, kama vile kishikilia vikombe au ndoano ya mfuko. Ford waliutangaza umbo la mfereji huo ili mwenye gari anayeweza kupata printa ya vitu vya plastiki atengeneze kifaa chake mwenyewe, na nimeupenda sana uamuzi huo. Chini ya mto wa kiti kuna sehemu ya kuhifadhi vitu, ambayo ni kubwa katika gari la petroli na ndogo katika la haibridi kwa sababu ya betri.

Mama alikuja siku ya pili, na kwa mara ya kwanza nilimwomba akae nyuma. Ana umri wa miaka 71, na magoti yake hayapendi magari marefu. Katika pikapu za kawaida humlazimu kushika mpini, kukanyaga ngazi ya pembeni na kujivuta. Hapa aligeuka, akakaa ubavu, kisha akaingiza miguu, kwa kuwa kiti kilikuwa karibu na kimo cha kiti chake cha sebuleni. Aliniambia, “Mwanangu, hapa sihitaji mtu wa kunishika.” Kushuka nako kulikuwa rahisi, isipokuwa kwamba mlango wa nyuma ni mfupi kuliko wa mbele na wayo wake uligusa nguzo ya katikati mara moja.

Lipo pia suala la uzito, ambalo wanaosifu nafasi ya abiria hulisahau. Gari hili limekadiriwa kubeba hadi takriban kilo 680, na kiasi hicho kinajumuisha watu waliomo ndani. Watu wazima wanne wenye kilo 80 kila mmoja wanachukua kilo 320, hivyo kinachobaki kwa ajili ya mizigo ni karibu kilo 360. Raha ya kiti cha nyuma hupungua tena pale springi zinapokandamizwa hadi mwisho, kwa hiyo siku ya kubeba saruji isiwe siku ya kubeba wazazi.

Kaka yangu alikuwa akiitaka ile haibridi ya magurudumu ya mbele kwa sababu ya kuokoa mafuta, na angekuwa anasafiri peke yake ningemuunga mkono. Nilimwomba achague kati ya ile ya petroli na haibridi ya magurudumu manne. Ikiwa atachukua haibridi, itabidi kwanza akae nyuma ya kiti chake mwenyewe, kikiwa kimerudishwa pale anapokipenda, aone kama vidole vitatu vinamtosha.