MRI ya tesla 7 ya wanyama wadogo: kwa kiharusi kichanga haina mpinzani, ila pampu ya maji ya moto inaangusha

Huduma hii naitumia mwezi wa nane sasa, nipo Ujerumani nasomea mambo ya ubongo na maabara yetu inakodi kwa saa hii mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku (tesla 7 ni nguvu ya hiyo sumaku). Naandika kwa ajili ya wadau wanaofikiria kuja kwenye fani hii.

Kazi yenyewe iko hivi, panya mweupe analazwa kwa gesi ya usingizi, anapitishiwa uzi mwembamba kwenye mshipa wa shingo mpaka ukazibe mshipa wa kati wa ubongo, hapo kiharusi kimeanza. Tunamlaza kwenye kitanda chake cha plastiki, meno ya mbele kwenye kijiti ili kichwa kisicheze, chini ya kifua kuna kimto cha hewa kinachohesabu pumzi, halafu anasukumwa ndani ya sumaku.

Sasa utamu uko hapa. Picha ya kawaida ya MRI, inaitwa T2, dakika hizo za mwanzo haikuonyeshi kitu, pande zote mbili za ubongo sare, unaweza kuapa mnyama ni mzima. Inakuja picha ya difyusheni, upande mmoja mweupe pee! Mara ya kwanza nilisimama kabisa kwenye kiti aisee. Seli ikikosa oksijeni zile pampu zake za chumvi zinagoma, maji yanaingia ndani, seli inavimba, na maji yakishabanwa humo hayatembei tena kama mwanzo, na difyusheni inapima huo mwendo wa maji tu. Mtafiti Moseley na wenzake kule San Francisco waliliona hili kwa paka mwaka 1990, ndani ya dakika 45, wakati T2 ilikuja kuonyesha baada ya masaa mawili matatu.

Kingine nachoipendea, panya yule yule unampiga picha leo na wiki ijayo, zamani ungeua kundi zima ili ukate ubongo uangalie.

Mimi hii kitu inanigusa jamani. Baba mdogo wangu alilala mzima kule Tanga, akaamka mkono wa kulia haunyanyuki, na hakuna aliyejua kiharusi kimeanza saa ngapi, wakati dawa ya kuyeyusha bonge la damu inataka ndani ya masaa manne na nusu. Utafiti wa WAKE-UP wa 2018 ulitumia hii hii difyusheni kwa watu walioamka hivyo, ikionyesha doa na FLAIR (picha nyingine ya MRI, ndugu yake T2, inayochelewa kuonyesha) bado haijaonyesha basi kiharusi ni kichanga na dawa inaweza kutolewa. Njia hiyo ilianzia kwa hao paka na panya.

Tatizo ni pampu ya maji ya moto inayompasha panya ndani ya mashine. Mnyama akiwa usingizini hawezi kujipasha, lazima abaki nyuzi 37, na mwezi uliopita pampu ilizima katikati ya skani bila king'ora kulia, naangalia skrini nakuta 33. Ubongo ukipoa unajikinga, doa linatoka dogo kuliko ilivyo, kwa hiyo data ya siku nzima nikaitupa, na yule panya kafa bure, hilo ndo limeniuma zaidi.

Nyota nne. Nimewaandikia mara mbili, wamejibu pampu mpya imeagizwa, kwa sasa mkija wekeni mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia joto tu.