Miezi mitano na programu ya kununulia hisa za Marekani: tathmini kutoka Mkunazini

Tangu Septemba 2024 nimekuwa nikitumia programu ya simu inayomwezesha mtu aliyeko Unguja kununua hisa za makampuni yaliyoorodheshwa katika masoko ya New York, na katika muda huo wenzangu watatu wa Mkunazini, fundi wa cherehani, muuza simu na dada yangu muuguzi, nao wamejiunga, kila mmoja kwa fedha kidogo alizozikusanya mwenyewe. Programu yenyewe sitaitaja jina, kwa sababu kasoro nitakazozieleza zinaweza kukutwa hata katika nyengine za aina hii, na ningependa msomaji azitafute kwanza katika ile iliyomo ndani ya simu yake. Ninachotaka kukipima ni kimoja: siku ambayo soko limechafuka, je, mtu mwenye hisa moja au nusu hisa anaoneshwa bei ile ile ambayo mali yake itauziwa? Jawabu langu, baada ya siku ya Januari 27, 2025, ni kwamba haoneshwi, na jambo hilo linamgharimu.

Nianze na lililo jema, maana bila ya hilo tusingejiunga. Programu inauza hisa kwa vipande. Sote tulikuwa tukiifuata Nvidia, kampuni inayotengeneza chipu zinazotumika kufunza na kuendesha akili bandia. Ni kweli kwamba mwezi wa Juni 2024 iligawa kila hisa moja kuwa kumi, bei ikateremka kutoka zaidi ya dola 1,200 hadi kiasi cha dola 120, lakini hata hizo dola 120 si fedha ambazo fundi wa cherehani anaweza kuziweka pembeni kwa wiki moja. Kwa njia ya vipande fundi wetu alinunua mara sita kati ya Septemba na Novemba, mara nyengine kwa dola 15, mara nyengine kwa dola 30, mpaka akatimiza hisa moja kamili kwa wastani wa dola 131. Jioni aliyotimiza alikuja barazani akatuonesha namba ile kwenye kioo cha simu, 1.00, akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kujenga msingi wa nyumba. Huduma iliyompa fundi furaha ile inastahiki kusifiwa, nami naisifu.

Ada zake, hata hivyo, zimepangwa kwa ajili ya mwenye fedha nyingi. Kila ununuzi na kila uuzaji hutozwa dola 1, uwe wa dola 15 au wa dola 1,500. Kwa mnunuzi wa dola 1,500 hilo si jambo la kulizungumza. Kwa aliyenunua kwa dola 15 ni karibu asilimia 7 ya fedha zake iliyoondoka kabla bei haijasogea hata senti. Hisa ya fundi iliyoandikwa kuwa ni ya dola 131 ilimgharimu dola 137, na hizo 6 hazionekani popote katika ukurasa wa faida na hasara. Kuna pia ubadilishaji wa fedha. Nilipoweka shilingi 300,000 kwa simu nililinganisha bei ya dola ndani ya programu na ile niliyoiona asubuhi hiyo hiyo katika duka la kubadilishia fedha, nikakuta nimeuziwa kila dola kwa shilingi 75 zaidi. Ukurasa wa kuwekea fedha umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kuweka ni bure. Ingefaa mteja aambiwe papo hapo kwamba malipo yamo ndani ya bei ya dola.

Suala la saa linaweza kuonekana dogo, lakini kwetu si dogo. Masoko ya New York hufunguliwa saa 3:30 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni kwa saa za huko. Kwa saa zetu, wakati wa baridi yao, ni kuanzia saa 11:30 jioni hadi saa 6 usiku. Wanaposogeza saa zao mbele mwezi wa Machi, soko kwetu huanza saa 10:30 jioni na kumalizika saa 5 usiku, na hali hiyo hubaki hadi mwanzoni mwa Novemba. Programu huandika saa za New York peke yake, kwa hiyo mwezi wa Novemba tulikaa saa nzima tukidhani mtandao umekatika, kumbe soko lilikuwa halijafunguliwa. Zaidi ya hayo, wakati wenye msukosuko mkubwa ni ule wa mara tu baada ya kufunguliwa, na katika miezi ya Januari na Februari adhana ya Magharibi huja kiasi cha saa moja na kidogo baadaye. Mtu anayeacha simu yake na kwenda msikitini anahitaji kujua kwa yakini oda aliyoiacha, yaani agizo lake la kununua au kuuza, itafanya nini wakati yeye yuko kwenye swala.

Nije sasa kwenye siku yenyewe. Jumatatu iliyotangulia, Januari 20, kampuni ya DeepSeek ya Hangzhou, China, ilitoa modeli yake ya akili bandia iitwayo R1, na kufikia mwisho wa wiki programu yake ya simu ilikuwa imepanda hadi nafasi ya kwanza kati ya programu za bure katika duka la Apple nchini Marekani. Kilichowatisha wenye hisa ni maelezo ya kampuni hiyo kwamba hatua ya mwisho ya kufunza modeli yake ya V3, ambayo ndiyo msingi wa R1, ilitumia chipu 2,048 za aina ya H800, ambazo ni chipu za Nvidia zilizopunguzwa uwezo ili ziruhusiwe kuuzwa China, kwa gharama ya kiasi cha dola milioni 5.6. Ikiwa kazi kubwa namna hiyo inaweza kufanywa kwa chipu chache, wengi waliuliza, ni nani basi atakayeendelea kununua chipu kwa mabilioni? Swali hilo lilianza kuishusha bei ya Nvidia katika mauzo yanayofanyika hata kabla soko halijafunguliwa rasmi Jumatatu ya tarehe 27.

Saa 11:30 jioni tulikuwa watatu barazani, dada yangu muuguzi akiwa zamu hospitalini. Fundi alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye cherehani, utepe wa kupimia ungali shingoni. Mwenzetu anayeuza simu Darajani alikuwa ameshapata habari, akaniambia, "Maalim, leo inaanguka, watu wameanza kuiuza tangu alfajiri ya huko." Fundi akafungua programu. Kioo kilimwonesha dola 142.62. Akakigeuza kwetu, akauliza, "Mbona yangu haijaanguka?" Akapiga hesabu kwa haraka: alinunua kwa 131, sasa ni 142, kwa hiyo ana faida ya dola 11. "Basi na niuze kabla haijanifika mimi," akasema, "nipate kununulia kitambaa cha Idi." Akabonyeza kuuza kwa bei ya soko. Ilikuwa saa 11:34. Alama ya kusubiri ikazunguka mara mbili tatu, kisha maandishi yakatokea kwamba hisa imeuzwa kwa dola 124 na senti kidogo. Alininyooshea simu, akaushika utepe wake kwa mkono wa pili, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Maalim, dola kumi na nane zimekwenda wapi?"

Ilinichukua muda kumweleza, na ndipo nilipofahamu vizuri zaidi kasoro ya programu hii. Mtumiaji asiyelipia ada ya kila mwezi huoneshwa bei ya dakika 15 zilizopita. Saa 11:34 dakika 15 zilizopita soko lilikuwa bado limefungwa, kwa hivyo alichokiona fundi ni bei ya kufungia ya Ijumaa. Taarifa hiyo ipo, imeandikwa kwa kijivu chini ya mchoro wa bei kwa herufi ndogo mno, na kwa Kiingereza, lugha ambayo fundi haisomi. Soko lilifunguliwa kwa dola 124.80, na siku ile hakuna aliyepata kuuza kwa 142, awe na programu ya aina gani. Kwa hiyo siwezi kusema kwa haki kwamba programu ilimnyang'anya fundi dola 18. Ilichomnyima ni nafasi ya kuamua. Alisema mwenyewe usiku ule kwamba angejua bei ni 124 asingeuza, kwa kuwa hakuwa tayari kuuza kwa hasara kitu alichokikusanya kwa miezi mitatu. Kitufe cha kuuza kinafanya kazi kwa bei ya sasa hivi huku kioo kikionesha bei ya zamani, na hakuna onyo lolote linalosimama kati ya viwili hivyo. Kuliweka onyo hilo hakuhitaji fedha wala utaalamu mkubwa, na ndiyo maana nalichukulia kuwa ni kosa zito.

Dawa yake imo ndani ya programu hiyo hiyo, ila imefichwa. Ukibonyeza alama ya nukta tatu kwenye pembe ya ukurasa wa oda utakuta oda ya bei maalumu, ambayo unaandika mwenyewe kwamba usiuziwe zaidi ya bei hii, au usiuze chini ya bei hii, na soko lisipofika hapo oda haitimizwi. Kabla ya kwenda kuswali Magharibi niliandika oda ya kununua nusu hisa kwa dola 118, nikaiacha. Sikuigusa simu tena usiku ule. Nilipoamka kwa swala ya Alfajiri nikakuta imetimia kwa bei niliyoiandika. Hisa ilikuwa imefungwa kwa dola 118.42, imeshuka asilimia 17, na thamani ya kampuni ilikuwa imepungua kwa karibu dola bilioni 600, upungufu mkubwa kuliko wote uliowahi kuipata kampuni moja kwa siku moja katika masoko ya Marekani. Jumanne ilipanda hadi 128.99.

Kuna jambo jengine ambalo kwa watu wa visiwa hivi ni zito kuliko ada. Ukurasa wa mbele wa programu una milango miwili, na ule wa kwanza, wenye rangi ya kuvutia, si wa hisa. Ni wa mkataba wa tofauti ya bei, ambapo mteja hamiliki chochote, anakopeshwa na dalali ili fedha zake zionekane nyingi, na akilala na mkataba huo hutozwa riba ya usiku. Muuza simu aliingia mlango huo mwezi wa Disemba bila ya kujua, akatoka baada ya kuona makato ya usiku wa pili. Hata kwa anayepita mlango wa hisa, programu haimsaidii kujua kama kampuni inakubalika kisharia. Kigezo cha AAOIFI, taasisi inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, katika kiwango chake namba 21, ni kwamba mikopo ya riba ya kampuni isizidi asilimia 30 ya thamani yake sokoni, na mapato ya haramu yasizidi asilimia 5 ya mapato yote. Hesabu zinazohitajika zimo katika ripoti za mwaka ambazo makampuni huziwasilisha kwa mamlaka ya hisa ya Marekani, na mtu yeyote anaweza kuzisoma bure. Programu yenye wateja Zanzibar ingeweza kuziweka mbele yao.

Huduma kwa wateja ina adabu lakini ni ya polepole. Niliuliza hisa zetu zimeshikwa na nani, na baada ya siku tatu nikatajiwa dalali wa Marekani, ambaye nilimkuta katika orodha ya wanachama wa SIPC, mfuko unaowalinda wateja hadi dola 500,000, na kati ya hizo si zaidi ya 250,000 za fedha taslimu, endapo dalali atafilisika. Mfuko huo haulipi hasara ya kushuka kwa bei. Nilipouliza kuhusu leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya Tanzania nilijibiwa mara mbili, na mara zote mbili jibu lilihusu Marekani tu.

Lililobaki ni kutoa fedha. Tangu Mei 2024 mauzo ya hisa Marekani hukamilishwa siku moja ya kazi baada ya biashara, kwa hiyo fedha za fundi zilikuwa tayari Jumanne ya tarehe 28. Aliomba kuzitoa siku hiyo hiyo, kwa sababu jora la kitambaa cheupe alilolichagua lilikuwa limewekwa kwa jina lake hadi Ijumaa, naye alishapokea vipimo vya kanzu saba za Idi. Programu ilimwandikia kwamba ombi linashughulikiwa, na maandishi hayo yakabaki vile vile Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Fedha ziliingia kwenye simu yake Jumatano ya wiki iliyofuata, Februari 5. Jora lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwengine, na kitambaa alichokipata baada ya hapo kilikuwa ghali zaidi kwa kila yadi, tofauti ambayo aliilipa yeye mwenyewe kwa vile bei ya kanzu alikuwa ameshawatajia wateja wake.