Vifaa vizito vya kukwamulia gari: uvihifadhi wapi, na ununue nini kwanza

Jeki ndefu ya futi nne, ile ambayo wenye magari ya 4x4 hupenda kubeba, ina uzito wa kilo 13 hivi. Weka na kapi, pingu za chuma (vile vyuma vya umbo la U vya kuunganishia kamba), mnyororo, kamba ya kuvutia na koleo, kisha upandishe vyote kwenye mizani: si ajabu ukakuta kilo 40 au zaidi. Chuma hicho chote kinakaa nyuma ya vichwa vya watu uwapendao.

Gari likiwa kwenye kasi ya kilomita 50 kwa saa, kisha likagonga na kusimama ndani ya umbali wa sentimita 70, kila kilichomo ndani husukumwa mbele kwa nguvu ambayo kwa wastani ni kama mara 14 ya uzito wake. Jeki ya kilo 13 inasukuma kama mzigo wa kilo 180, na seti ya kilo 40 inapita nusu tani. Kasi ikiwa 100, nishati inayotakiwa kuzuiwa ni mara nne. Usitegemee mgongo wa kiti ukuokoe. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu viti vya magari, hujaribu migongo ya viti vya nyuma kwa masanduku mawili ya kilo 18 kila moja, yenye pande za sentimita 30, kwa kasi ya kama kilomita 50. Sanduku pana hugawa pigo lake juu ya kiti kizima, lakini ncha ya jeki huelekeza pigo lote mahali pamoja.

Kwa hiyo ukiingia dukani, usianze kuangalia sanduku lina nafasi gani wala linapendeza vipi. Angalia linashikwaje na mwili wa gari. Nimepanga machaguo haya kwa kipimo hicho kwanza, kisha kwa swali la pili ambalo wauzaji hawaligusi: gari likizama matopeni hadi buti lisifunguke, utavifikia?

Nafasi ya kwanza: sanduku fupi la chuma au alumini lililofungwa kwa bolti

Hili ndilo ningemshauri mtu yeyote anayesafiri na vifaa hivi mara kwa mara. Liwe fupi kwenda juu, lisivuke nusu ya urefu wa mgongo wa kiti, na likae sakafuni likigusa viti vya nyuma. Hapo uzito unakuwa chini na mbele ya ekseli ya nyuma, au angalau karibu nayo. Uzito ukisogea nyuma ya ekseli hukandamiza springi, hupunguza mzigo wa magurudumu ya mbele na kulifanya gari lizembee kwenye kona.

Sanduku lenyewe ni nusu tu ya ununuzi. Nusu ya pili ni mahali pa kulifunga. Kama gari lako lilikuwa na viti vya safu ya tatu na umeviondoa, matundu ya bolti za viti hivyo ni bora kuliko lolote utakalotoboa, maana yalitengenezwa kubeba kiti na mtu wake. Bolti za mikanda ya viti inayotumika usiziguse kabisa. Ikibidi utoboe, lala kwanza chini ya gari uone tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya vimepita wapi. Tumia bolti za M8 (unene wa milimita 8) au zaidi, za daraja la uimara la 8.8, na chini ya sakafu weka bamba la chuma pana badala ya washa ndogo, kwa sababu bati la sakafu ni jembamba na washa ndogo inaweza kuchomoka nalo. Skrubu zinazojichimbia zenyewe kwenye bati hazifai kwa kazi hii, hata ziwe nyingi namna gani.

Komeo la kifuniko nalo ulitazame kwa makini. Gari likibingirika, vyuma husukuma kwenda juu, na vile vikomeo vya bati laini hufunguka. Taka komeo la chuma lenye kufunga kwa ufunguo au pini, walau mawili. Ndani, kila kifaa kiwe na mfuko wake wa turubai ili vyuma visigongane na kamba isisuguliwe. Kamba za nailoni huharibiwa na asidi ya betri na jua kali, na matope yakikauka ndani yake hukata nyuzi polepole, hivyo kamba iliyoloa isifungiwe humo kabla ya kuoshwa na kukauka.

Nafasi ya pili: mikoba mizito na mikanda ya racheti

Asiyetaka kutoboa gari, au anayekwenda porini mara chache kwa mwaka, aanzie hapa. Ni njia rahisi kwa mfuko, na ikifanywa vizuri inalishinda sanduku la ghali lililofungwa ovyo. Gawanya vifaa katika mikoba miwili au mitatu ya turubai nene, kila mmoja usizidi kilo 15, uiegemeze kwenye mgongo wa kiti, kisha ipitishie mikanda miwili ya racheti, yaani ile inayokazwa kwa mpini, kwa mkingamo hadi kwenye pete nne za sakafuni.

Unaponunua mkanda, tafuta kibandiko. Mikanda iliyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 12195-2 huandikwa LC, yaani uwezo wa mkanda kushika mzigo, pamoja na namba ya daN (dekanyutoni, kipimo cha nguvu). DaN moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja. Mkanda wenye LC 250 umeidhinishwa kuvutwa kwa kiasi cha kilo 250. Mkanda usio na kibandiko uache dukani. Kumbuka pia kwamba kanuni za kufunga mizigo ya malori huhesabu msukumo wa mbele wa 0.8 ya uzito wa mzigo. Hiyo ni breki kali, ajali ni jambo jingine, ndiyo maana mzigo uegemee kiti na mkanda usiachiwe kazi yote peke yake.

Udhaifu wa njia hii ni pete zenyewe. Kitabu cha gari mara nyingi hutaja zinabeba kiasi gani, na baadhi ziliwekwa kwa ajili ya wavu wa mboga na masanduku ya nguo tu. Soma kabla ya kuamini.

Nafasi ya tatu: droo

Najua wengi wangeziweka juu. Droo nzuri ni raha: kila kitu mahali pake, na juu yake panabaki uwanda wa kupakia mizigo. Lakini mfumo wa droo mbili peke yake unaweza kuwa na kilo 50 hadi 100 kabla hujaweka hata pingu moja, na kilo hizo zinatolewa kwenye uzito wa jumla ulioruhusiwa wa gari lako, kiwango ambacho abiria wanne na tangi lililojaa wameshakikaribia. Tena, droo hufunguka nyuma tu. Gari likiwa limekalia mkia kwenye korongo, haitoki; likiwa limeinamia nyuma, itakutokea kifuani. Ukinunua, hakikisha ina kufuli inapofunguka pia, si inapofungwa tu, na reli zake zinabeba uzito halisi wa vyuma vyako.

Nafasi ya nne: mabamba ya kuning'iniza kwenye madirisha ya pembeni

Yanafaa kwa glavu, tochi na kisanduku cha huduma ya kwanza. Kapi na pingu za chuma zisikae huko juu, usawa wa vichwa. Kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni, bamba lisiizibe.

Mwisho: kreti za plastiki na wavu wa mpira

Kreti hupasuka na mpira hunyumbuka. Wavu wa aina hiyo unazuia mpira wa watoto usibingirike, basi. Kwa chuma, usinunue.

Nje ya orodha hii kuna kizuizi cha chuma kinachosimama kati ya viti na buti. Ningekiweka kwenye gari lolote linalobeba vyuma, pamoja na chaguo lolote hapo juu, kwa sharti kiwe kimetengenezwa kwa ajili ya gari lako na kupimwa. Kiwango cha Australia na New Zealand cha AS/NZS 4034 ni mfano mmoja wa kuulizia. Kizuizi hicho kina gharama yake: hutaweza tena kufikia buti kutoka ndani. Kwa hiyo kamba, glavu na pingu laini za kamba vikae kwenye mfuko sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, vimefungwa, mahali mlango wa pembeni unapofunguka.

Hizo pingu laini ndizo ningenunua hata kabla ya sanduku. Moja ina gramu mia mbili hivi, ilhali ya chuma inayofanya kazi hiyohiyo hupita kilo moja. Na jeki ndefu, kama matairi na bampa zako haziihitaji kweli, ibaki nyumbani.

Baada ya kilomita chache za barabara yenye makorongo na matuta, simama ukaze upya kila bolti na kila mkanda. Nati zenye pete ya nailoni ndani hazilegei upesi, ila nazo zikifunguliwa mara kadhaa hubadilishwa.