Uzoefu wangu na blichi ya unga: inatoa rangi vizuri, ila kifungashio kinaahidi kisichowezekana

Nimetumia blichi ya unga inayochanganywa na krimu ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 6, na kwa kazi ya kutoa rangi ya nywele sina lawama nayo. Nywele zangu nyeusi zilianza kuwa na wekundu wa kahawia, zikaingia rangi ya chungwa, kisha zikatulia kwenye manjano. Wapo wanaodhani rangi hiyo ya chungwa ni dalili ya bidhaa hafifu, lakini sivyo: yumelanini, inayozipa nywele weusi, huvunjika upesi zaidi kuliko feomelanini yenye wekundu na umanjano, hivyo kinachoonekana ni rangi iliyochelewa kutoka.

Ninachokipinga ni maelezo ya kifungashio kwamba blichi hii haiharibu nywele hata kidogo. Unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, na chini yake ndiko iliko keratini, yaani protini inayojenga unywele, pamoja na chembe za melanini, ndiyo rangi yenyewe ya nywele. Peroksaidi ikiwa chupani huwa na asidi kidogo, nayo hukaa imetulia. Inapokutana na unga wenye persalfeti, kemikali zinazoongeza nguvu ya kupausha, na chumvi za alkali, pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, hupanda hadi kati ya 9 na 11, magamba yakafura na kuachana, dawa ikapenya ndani. Huko ndani haibagui. Inapoivunja melanini, inavunja pia vifungo vya salfa kwa salfa vinavyoishikilia keratini, na salfa hiyo hugeuka kuwa asidi ya sisteiki, ambayo haiwezi kuungana tena kuwa kifungo kama kile cha mwanzo. Ndiyo maana siamini kondishena yoyote inayodai kuzirudisha nywele zilizopaushwa katika hali yake ya awali.

Nililiona jambo hili waziwazi nilipochukua unywele mmoja uliolowa, nikaushika ncha zote mbili na kuuvuta taratibu: ulirefuka kuliko ule ambao haukuguswa na dawa, na nilipouachia ukabaki umelegea badala ya kurudi katika urefu wake. Ukiwa mkavu ulikuwa mkwaruzo vidoleni, kwa sababu blichi huondoa pia tabaka jembamba la asidi ya mafuta lililoshikamana na uso wa magamba. Tabaka hilo ndilo hufanya maji yateleze juu ya nywele nzima, na likishatoka nywele hunywa maji kwa pupa, zikachukua muda mrefu zaidi kukauka.

Kondishena iliyomo kwenye boksi ni nzuri, na nimeipenda kwa sababu iliyo wazi: ina asidi, hivyo inasaidia magamba kulala, na viambato vyake vyenye chaji chanya hunata kwenye nywele ambazo kwa kupaushwa zimeongezeka chaji hasi. Kuchana kulikuwa rahisi mno. Hata hivyo, huo ni ulinzi wa juu juu unaohitaji kurudiwa kila baada ya kuosha.

Maelekezo ya matumizi yameandikwa kwa uangalifu kuliko matangazo ya boksi lenyewe. Yanakataza bakuli la chuma, na ni sahihi, kwani madini kama chuma na shaba huharakisha kuvunjika kwa peroksaidi na kuzalisha chembe kali zinazozidi kuumiza nywele. Yanaagiza pia dawa ipakwe kwanza sehemu za katikati, na mizizi iachwe mwisho, kwa kuwa joto la ngozi ya kichwa huharakisha kazi. Kilichokosekana ni onyo lenye uzito kuhusu persalfeti, ambazo kwa baadhi ya watu husababisha mzio wa ngozi na hata shida ya kupumua vumbi la unga linapovutwa. Jaribio la ngozi lilistahili kuwekwa ukurasa wa kwanza.

Ningeinunua tena, lakini kwa krimu ya asilimia 6 tu, kwani ile ya asilimia 12 huongeza kasi pamoja na madhara. Mwenye nywele zilizokwisha kutiwa dawa ya kulainisha asiiguse kabisa: dawa ile nayo ilishapunguza vifungo hivyo hivyo vya salfa, na vilivyobaki ndivyo vinavyouzuia unywele usikatike.