Miaka Miwili na Kamera ya Mfukoni, Kutoka Mafunjo ya Dunga hadi Msitu wa Kakamega

Kamera yangu ya kwanza ya zumu niliinunua kwa sababu ya namba iliyochapishwa ubavuni mwa lenzi: 30x. Mimi ni mwalimu wa Bayolojia katika shule ya sekondari hapa Kisumu, na kwa kuwa ndimi mlezi wa klabu ya wanyamapori, nilitaka picha za ndege wa Dunga, kinamasi cha mafunjo kando ya Ziwa Victoria, ambazo ningeweza kuzibandika ukutani darasani badala ya kuendelea kukata zile za kalenda. Muuzaji alivuta lenzi hadi mwisho, akanielekeza kwenye ubao wa tangazo uliokuwa ng'ambo ya barabara, nami nikasoma hata namba ya simu iliyoandikwa chini yake. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Nikalipa.

Wiki hiyo hiyo, kabla ya saa moja asubuhi, nilikuwa ndani ya boti nikimvizia Laniarius mufumbiri, ndege mwenye kifua chekundu, utosi wa manjano na mgongo mweusi, ambaye makao yake ni kwenye mafunjo na ambaye wageni huja Dunga makusudi kumtafuta. Alijitokeza kwa muda wa kutosha, akaimba, akageuka upande wangu. Nilipiga picha kumi na tisa. Nilipozifungua jioni kwenye kompyuta, zote zilikuwa zimejaa chengachenga, na ndege mwenyewe alikuwa doa jekundu lililogandishwa kwenye kitu cheusi. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa heshima zote kama lile lilikuwa ua.

Kosa halikuwa la kamera peke yake, lilikuwa la namna nilivyoichagua, na ndiyo maana nimeona nieleze kwa kirefu jinsi nilivyochagua ya pili, ambayo sasa ninaitumia kwa mwaka wa pili.

Kwanza, ile x haisemi kamera inaona mbali kiasi gani. Inasema tu kwamba urefu wa mwisho wa lenzi ni mara ngapi ya urefu wake wa mwanzo. Lenzi inayoanzia milimita 24 na kuishia 720 ni 30x, na inayoanzia 28 na kuishia 840 ni 30x vilevile, ingawa moja inafika mbali kuliko nyingine. Tena hiyo ni zumu ya vioo vyenyewe kusogea. Zumu ya kidijitali, ambayo hutangazwa kwa namba kubwa zaidi, haivuti chochote: inakata katikati ya picha na kuitanua, kama mtu anayenyoosha chapati ile ile ili ionekane kubwa. Siku hizi kazi ya kwanza ninayoifanya nikishika kamera yoyote ngeni ni kuizima hiyo.

La pili, na hili ndilo lililonigharimu, ni mwanga. Ndani ya kila kamera kuna kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga mahali ambapo zamani tungeweka filamu. Kamera nyingi ndogo zenye zumu ndefu, kama ile ya 30x, zina kihisi cha takriban milimita 6.2 kwa 4.6, kidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Kamera ndogo za daraja la juu zina kihisi kinachoitwa cha inchi 1, ambacho kwa kweli ni milimita 13.2 kwa 8.8. Jina hilo la inchi ni la kurithi kutoka kwenye mirija ya kamera za video za zamani na wala halilingani na kipimo chochote cha kihisi chenyewe, jambo ambalo mwalimu wa sayansi hawezi kulipita bila kunung'unika kidogo. Ukizidisha, utaona kwamba cha pili kina eneo mara nne ya cha kwanza. Mara nne ya mwanga, kabla hata ndege hajaimba.

Hata hivyo huwezi kupata vyote viwili. Kihisi kikiwa kikubwa, lenzi ndefu inayokitosha huwa kubwa pia, na kamera inatoka mfukoni inaingia begani. Nikon ilitoa P1000 mwaka 2018, yenye lenzi inayofika milimita 3000 kwa hesabu ya kamera za filamu, na bado kihisi chake ni kile kile kidogo ilhali uzito wake unapita kilo moja na robo. Shemeji yangu ana kamera kubwa ya kubadilisha lenzi na aliniazima mara mbili. Picha zake sina neno nazo, lakini kupanda bodaboda na mfuko wa ukubwa ule, kisha kuingia kwenye boti yenye maji ya vifundoni, kulinifanya nimlinde mgeni yule badala ya kutazama ndege.

Basi nilibaki na kamera za kihisi cha inchi 1 zenye zumu, na hapo uwanja ni mdogo. Canon G7 X Mark III ya mwaka 2019 ina lenzi ya milimita 24 hadi 100 yenye tundu pana la f/1.8 hadi f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga unaoingia ni mwingi). Ni nzuri kwa harusi na kwa wanaojirekodi video, lakini kwa ndege milimita 100 ni sawa na kumpungia mkono, na pia haina kitundu cha kuchungulia. Sony RX100 VII, ya mwaka 2019 vilevile, inafika milimita 200 kwa f/4.5, ina kitundu kinachochomoza kutoka ndani ya mwili wake, na inamfuata mnyama anayekimbia kwa wepesi wa kustaajabisha. Ilipotoka iliuzwa dola 1,200 za Marekani. Niliishika mara moja, nikairudisha taratibu. Panasonic Lumix TZ200 ya mwaka 2018 inafika milimita 360, ila tundu lake huanzia f/3.3 na kuishia f/6.4. Ndugu yake mkubwa, TZ100 ya mwaka 2016, anaishia milimita 250 kwa f/5.9 na kuanzia 25 kwa f/2.8.

Nilichagua TZ100, ya mtumba.

Niliipata Nakuru, katika duka la vifaa vilivyokwisha kutumika, siku moja kabla ya safari ya klabu kwenda mbugani. Ushauri wangu kwa anayenunua kamera ya mtumba ya aina hii ni aende na karatasi nyeupe isiyo na mistari. Lenzi hizi zinazotoka na kurudi hupumua: kila zinapochomoza huvuta hewa, na hewa ya barabara zetu wakati wa kiangazi ina vumbi jekundu ambalo likishafika juu ya kihisi halitoki mpaka fundi aifungue kamera. Ile yangu ya 30x ilikuwa na madoa matatu kabla haijatimiza mwaka. Kwa hiyo pale dukani nilivuta lenzi hadi mwisho, nikafunga tundu hadi f/8, nikapiga picha ya karatasi, kisha nikaikuza kwenye kioo na kuikagua kona baada ya kona.

"Mwalimu, sasa hiyo karatasi ina kosa gani?" muuzaji aliniuliza.

Nilimwonyesha. Kamera ya kwanza aliyokuwa amenipa, ya kampuni ambayo haina haja ya kutajwa, ilikuwa na madoa manne ya kijivu upande wa juu, ambayo lenzi ikiwa fupi na tundu likiwa wazi hayaonekani kabisa. Aliyatazama, akacheka, akasema atanunua karatasi zake mwenyewe. TZ100 ilitoka safi. Niliisikiliza pia lenzi ikitoka na kuingia mara kama kumi, nikitafuta mkwaruzo, nikatikisa kila kitufe, nikaweka kadi yangu mwenyewe ndani yake. Kadi ije na wewe, na inunuliwe mahali unapopaamini, kwa maana niliwahi kuuziwa kadi iliyoandikwa GB 128 ambayo ilianza kufuta picha zake yenyewe baada ya kujaa sehemu ndogo tu. Nilitoa shilingi elfu thelathini na nane.

Kesho yake tulipanda hadi Baboon Cliff, pale ambapo Ziwa Nakuru lote hulala miguuni pako, na hapo kwanza nilithamini milimita 25. Ukingo wa miti iliyokauka ikiwa imesimama ndani ya maji, tangu ziwa lilipoanza kupanda zaidi ya miaka kumi iliyopita, uliingia wote katika picha moja. Tuliposhuka chini kuwatafuta heroe, nilipata somo jingine. Saa sita mchana kundi lilikuwa mbali, na hewa juu ya ufuo ilikuwa ikicheza kwa joto kama iliyo juu ya jiko. Nilivuta hadi 250. Picha zikatoka kama zilizopigwa kupitia maji. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayoweza kunyoosha hewa ya moto. Dawa ni kusogea karibu au kurudi asubuhi, na gari la shule lilikuwa na ratiba yake.

Dunga ndiko inakofanya kazi yake hasa. Ina uzito wa gramu 310 hivi pamoja na betri, inakaa mfuko wa jaketi, na kitundu cha kuchungulia, ingawa ni kidogo mno kwa mtu mwenye miwani kama mimi, kinaokoa siku jua linapopiga kioo na kukifanya kiwe cheusi. Kukiweka jichoni pia kunakupa nguzo ya tatu: viwiko viwili mbavuni na uso. Kiimarishi cha lenzi kinatuliza mtetemeko wa mikono, lakini hakimtulizi ndege, kwa hiyo kwa mdiria anayetua huwa natumia kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde, na akiwa anaelea juu ya maji kabla ya kujitupa, 1/1000 au zaidi. Hapo ndipo f/5.9 inapouma. Mwanga unaopita kwenye tundu hilo ni kama robo ya ule unaopita kwenye f/2.8, na kamera inafidia kwa kupandisha ISO, yaani kuukuza mwanga mdogo ulioingia, pamoja na chengachenga zake. Hadi 1600 picha zinabandikika ukutani. Kufika 3200 chengachenga zinaanza kula manyoya, na zaidi ya hapo sipigi.

Kuna njia moja ambayo sikuitarajia kuipenda. Kamera hii inaweza kurekodi fremu 30 kwa sekunde na kukuruhusu uchague moja kama picha ya megapikseli 8, na katika mpangilio mmoja inakuwa imeshaanza kuhifadhi fremu kabla hujabonyeza. Mdiria haniambii anajitupa lini. Nilimlenga akielea, nikabonyeza alipokwisha kuzama, kisha nikarudi nyuma fremu kwa fremu hadi nikampata mdomo ukiwa umegusa maji na mwili bado uko juu, duara dogo likianza kufunguka kwenye ncha. Wanafunzi wa kidato cha pili wameichora hiyo picha katika madaftari yao.

Kakamega ni habari nyingine. Chini ya miti ile mirefu, saa nne asubuhi ni kama jioni, na mbega, mwenye manyoya meusi tititi na mkia mweupe, anaisumbua kamera yoyote: ukimpimia mweusi, mkia unaungua na kuwa kitambaa kitupu, ukimpimia mkia, mnyama anageuka shimo. Nimezoea kupunguza mwanga kwa theluthi mbili ya hatua na kuhifadhi faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaichakata, kisha naufungua weusi nyumbani. Hondohondo juu ya mtini sijafanikiwa naye hata mara moja, na kwa milimita 250 sidhani nitafanikiwa. Anayekusudia ndege wa msituni pekee atafute kitu kingine, au amwombe shemeji yangu.

Malalamiko yaliyobaki ni madogo. Kioo cha nyuma hakiinuki, kwa hiyo picha ya chura hupigwa kwa kulala kifudifudi. Haijakingwa dhidi ya maji wala vumbi, na mimi huiweka ndani ya mfuko wa plastiki wenye kufungwa mdomo kila tunapotoka kwenye lami. Betri moja hainifikishi jioni, hivyo nina ya pili, ingawa inafaa kujua kwamba unaweza kuichaji ndani ya kamera kwa waya wa simu za zamani, hata kwenye matatu.

Mwenye boti, ambaye hunipeleka Dunga tangu siku za ile 30x na huniita "japuonj", yaani mwalimu kwa Kijaluo, aliomba kuziona picha za mwaka mzima. Nilimfungulia Laniarius, safari hii akiwa na kifua, utosi na hata kimstari cheupe cha bawa. Akatikisa kichwa kwa adabu, akaendelea kusogeza kwa kidole mpaka akafika kwenye picha niliyoipiga kwa milimita 25 bila kufikiri, boti yake ikiwa imeegeshwa kwenye magugumaji na nyavu zikining'inia. "Hii nisafishie, japuonj," akasema, "lakini iwe kubwa." Niliisafisha kwa ukubwa wa A3, na sasa imetundikwa kwenye kibanda anachowekea injini.