Tathmini ya majaji Arizona (JPR): inapima nidhamu ya kazi, haipimi msimamo. Tuliipima kwa Jaji Clint Bolick

Arizona haiwapigii majaji wa Mahakama yake ya Juu kampeni za vyama. Gavana huteua, kisha wananchi huulizwa kwenye karatasi ya kura: jaji huyu abaki au aondoke? Ili mpiga kura asijibu kwa kubahatisha, jimbo linatoa huduma ya bure ya kutathmini utendaji wa majaji, maarufu kwa herufi JPR (Judicial Performance Review). Ndiyo tunayoipitia hapa. Kipimo chetu ni jaji mmoja anayeibana huduma hiyo hasa: Clint Bolick, wakili wa mrengo wa kihafidhina aliyepanda kwenye mahakama hiyo Januari 2016 bila kuwahi kuwa hakimu wa ngazi yoyote.

Tumeipa nyota tatu kati ya tano. Kwa majaji wa mahakama za kaunti tungeipa nne. Kwa Mahakama ya Juu inapungua, na sababu zake ni nzito.

Huduma yenyewe inapatikana kwa njia mbili. Kuna kijitabu cha Katibu wa Jimbo kinacholetwa kwa posta kwenye kila nyumba yenye mpiga kura aliyejiandikisha, ambacho ndani yake kuna sehemu ya majaji, na kuna ukurasa wa JPR kwenye tovuti ya mahakama, azcourts.gov. Lugha ni Kiingereza na Kihispania. Wacongo na Warundi wa Phoenix na Tucson waliokuja kama wakimbizi na sasa wana uraia hawapati nakala ya Kiswahili, nao wanapewa karatasi ya kura ndefu kama ya kila mtu. Mwaka 2024 ile ya kaunti ya Maricopa ilijaza karatasi mbili, mbele na nyuma. Hii ndiyo nyota ya kwanza iliyopotea.

Tume inayotoa tathmini iliingizwa kwenye katiba ya jimbo kwa kura ya wananchi mwaka 1992, na wajumbe wake wengi ni raia wa kawaida, si mawakili. Hutuma dodoso kwa watu waliofanya kazi mbele ya jaji. Kwa jaji wa mahakama ya kaunti wanaulizwa mawakili, mashahidi, wenye kesi na wazee wa baraza (raia wanaoamua kesi, yaani jury). Mahakama ya Juu haina wazee wa baraza wala mashahidi, kwa hiyo wanaobaki hasa ni mawakili na majaji wengine. Maswali yanahusu ujuzi wa sheria, uadilifu, mawasiliano, ustahimilivu na uendeshaji wa ofisi. Alama zikiwa mbovu, jaji huandikiwa ajieleze. Mwishoni wajumbe hupiga kura kuamua jambo moja: anatimiza viwango au hatimizi.

Hapo wasomaji wengi hujikwaa. Asilimia iliyochapwa mbele ya kila kigezo si maksi za mtihani. Inaonyesha ni waliojibu wangapi waliompa jaji alama ya kuridhisha au zaidi. Ukiona 95, maana yake ni kwamba watu 5 tu kati ya 100 walimwona hafai, si kwamba amepata 95 kwa ubora. Jaji wa kawaida kabisa na jaji hodari wanaweza kuchapwa namba ileile. Tazama pia ni dodoso ngapi zilizorudi, maana asilimia kubwa iliyotokana na watu wachache haina uzito.

Sasa mweke Bolick kwenye mizani hiyo. Alipigiwa kura mwaka 2018 na tena 2024, na mara zote mbili tume ilisema anatimiza viwango. Ni kweli, anatimiza. Anaandika kwa Kiingereza chepesi, anakuja amesoma faili, hana kashfa. Kama swali lako lilikuwa "je, ni mtumishi safi?", umejibiwa. Lakini wapiga kura wa 2024 hawakuwa wanagombania hilo, na kijitabu hakikuwa na mstari hata mmoja kuhusu walichokuwa wanagombania, yaani hukumu ya kutoa mimba tutakayoifikia hapo chini.

Ili umwelewe jaji huyu inabidi usome kazi yake ya uwakili, na ndiyo sehemu ambayo JPR imeiacha tupu. Alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis mwaka 1982. Mwaka 1985 alifanya kazi kwenye tume ya shirikisho ya usawa katika ajira, chini ya Clarence Thomas, ambaye baadaye alifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1991 alianzisha pamoja na Chip Mellor taasisi ya mawakili iitwayo Institute for Justice. Mwaka 1993 aliandika makala kwenye Wall Street Journal kumpinga Lani Guinier, aliyependekezwa na Rais Clinton kuongoza idara ya haki za raia. Uteuzi ukaondolewa mwezi Juni. Watetezi wengi wa haki za raia hawajamsamehe kwa hilo mpaka leo.

Mhafidhina, ndiyo, lakini usimchanganye na yule wa kutaka serikali iwaamulie watu maadili. Hasira yake kuu ni leseni na vibali. Taasisi yake iliwatetea wasusi wa nywele wa Kiafrika katika majimbo kadhaa. Arizona ilikuwa inamtaka msusi asome urembo saa 1,600, masomo yenyewe karibu yote yakihusu mambo yasiyo kusuka, kabla ya kugusa kichwa cha mteja kwa malipo. Baada ya kesi ya taasisi hiyo, bunge la jimbo liliwaondolea wasusi sharti hilo mwaka 2004. Mama anayesuka rasta au mabutu sebuleni Phoenix leo bila kuvizia ukaguzi anafaidi kazi hiyo, awe amemsikia Bolick au la. Mwaka 2003 taasisi ilimlinda mwenye gereji ya breki wa mji wa Mesa ambaye manispaa ilitaka kumnyang'anya kiwanja ili kimwendee mfanyabiashara mwingine. Mahakama ya rufaa ya jimbo ikamwambia mji hapana. Mwaka 2002 ilisimama na wazazi wa Cleveland katika kesi ya vocha za shule (fedha za serikali za kumlipia mtoto shule binafsi), iliyoshinda kwa kura 5 dhidi ya 4 kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani. Desemba 2004 Bolick mwenyewe alisimama mbele ya mahakama hiyo kuwatetea wakulima wadogo wa mvinyo waliozuiwa kuuza moja kwa moja kwa wanywaji wa New York, na hukumu ya 2005 ikaja tena 5 kwa 4 upande wake.

Alihamia Goldwater Institute, taasisi ya kihafidhina ya Phoenix, mwaka 2007 na kuongoza kesi zake. Moja ilifika Mahakama ya Juu ya Arizona mwaka 2012, ikaamuliwa kwamba kuchora tatuu ni sehemu ya uhuru wa kujieleza. Gavana Doug Ducey, wa chama cha Republican, alipomteua, Bolick alikuwa amejiandikisha kama mpiga kura asiye na chama.

Kwa mtu aliyesoma wasifu huo, hukumu zake hazishangazi. Mwaka 2019 alikuwa miongoni mwa wanne, dhidi ya watatu, waliosema wasanii wawili wa kubuni mialiko wa Phoenix hawawezi kulazimishwa kutengeneza mialiko ya ndoa za jinsia moja. Mwaka 2021 akaenda upande ambao wengi hawakuutarajia kwa mhafidhina: polisi walikuwa wamepata anwani ya IP (namba inayotambulisha mtumiaji mtandaoni) na jina la mteja kutoka kampuni za intaneti bila hati ya upekuzi, mahakama ikawakubalia kwa 4 dhidi ya 3, na Bolick akawa mmoja wa watatu waliopinga. Hoja yake ilitoka kwenye kifungu cha katiba ya Arizona kinachokataza mtu kusumbuliwa katika mambo yake binafsi pasipo mamlaka ya sheria. Kifungu hicho hakimo kwenye katiba ya shirikisho. Amekuwa akiwahimiza mawakili mara kwa mara: mkija kwangu, nileteeni katiba ya Arizona peke yake, msiibandike kama kiraka nyuma ya ile ya Washington. Wakili anayeipuuza hoja hiyo mbele yake anaacha silaha nyumbani.

Kisha ikaja Aprili 9, 2024. Kwa kura 4 dhidi ya 2 (jaji wa saba alijiondoa katika kesi) mahakama ilisema sheria ya 1864, iliyotungwa kabla Arizona haijawa jimbo na inayokataza kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama, bado inatekelezeka. Jaji John Lopez aliandika. Bolick na Kathryn King walikuwa miongoni mwa waliounga mkono. Wiki chache baadaye bunge liliifuta sheria hiyo, na mke wa Bolick, seneta Shawnna Bolick, alikuwa mmoja wa maseneta wawili wa Republican waliopiga kura ya kuifuta. Bolick na King wakaandamwa kwa kampeni ya kuwaondoa, na wengine wakatumia fedha kuwatetea. Wote wawili walibaki, Bolick kwa kama asilimia 58, ilhali mwaka 2018 alikuwa amepata karibu 70. Siku hiyohiyo zaidi ya robo tatu ya wapiga kura walikataa Pendekezo 137, lililotaka kufuta kura hizi za kila baada ya miaka kadhaa kwa majaji wengi, na ambalo lingefanya hata matokeo ya siku ile yasihesabiwe.

JPR haikusema lolote kuhusu hayo yote. Watetezi wake wanajibu kwamba tume ikianza kupima hukumu itageuka uwanja wa siasa, na hapo wana haki. Tusichokubali ni kijitabu kukosa hata orodha kavu ya kesi kumi kubwa na upande ambao jaji alisimama. Orodha ya namna hiyo haimhukumu mtu. Hii ndiyo nyota ya pili.

Pengo unaweza kuliziba mwenyewe kwa saa moja hivi. Nenda azcourts.gov, fungua hukumu za Mahakama ya Juu. Ukurasa wa mwanzo wa kila hukumu unaonyesha nani ameandika, nani ameungana naye na nani amepinga. Anza hapo, usianze na maelezo ya kesi. Mtafute jaji wako kwanza kwenye maoni ya kupinga na yale ya nyongeza, kwa sababu humo anajisemea mwenyewe bila kubembeleza kura za wenzake. Aya zina namba, kwa hiyo zinukuu kwa namba mkijadiliana. Kesi ya 1864 ni CV-23-0005-PR. Isome yote, na maoni ya wawili waliopinga, Ann Timmer na Robert Brutinel. Utaona ubishi wenyewe ulihusu namna ya kusoma sheria ya 2022 iliyokataza kutoa mimba baada ya wiki 15, jambo ambalo matangazo ya televisheni hayakuligusa.

Kwenye kura yenyewe makosa ni yaleyale kila mara. Watu huishia kwa rais na maseneta, sehemu ya majaji wakaiacha wazi. Wengine hujaza "Hapana" kwa wote kwa hasira ya hukumu moja, wakawapigia kura ya kuwaangusha hata majaji wa kaunti za Maricopa au Pima wanaosikiliza talaka na malezi ya watoto, ambao hawakuhusika kabisa. Kwa hao, JPR inafaa sana: ikiandika kwamba jaji hatimizi viwango, ichukulie kwa uzito, kwa kuwa hutokea kwa nadra. Kwa Mahakama ya Juu hakuna aliyewahi kuondolewa kwa kura hii tangu mfumo uanze mwaka 1974.

Jambo jingine la kujifanyia hesabu ni umri. Muhula alioupata Bolick 2024 ni wa miaka sita, lakini alizaliwa Desemba 26, 1957, na katiba ya Arizona inamstaafisha jaji akitimiza miaka 70. Kwa hiyo hata akikaa mpaka siku ya mwisho, kiti chake kitakuwa wazi kufikia mwisho wa 2027, na mrithi atateuliwa na gavana aliyepo wakati huo, kutoka kwenye majina yasiyopungua matatu yatakayopelekwa na tume ya uteuzi. Maombi ya watakaowania huwekwa hadharani na tume hupokea maoni ya wananchi kwa maandishi kabla ya kuchuja. Barua hiyo haihitaji wakili.